Mniachie ukoko wangu

Kuna siku alikuja mgeni kwangu, mtu mzima na heshima zake, tukala wali wa nazi na mchuzi wa changu, tukamaliza, nikamuona anachungulia chungulia kule jikoni. Nikamuuliza kaka unatafuta maji ya kunawa? Akasema hapana. Akasita kidogo halafu akauliza kwa sauti ya chini kama mtu anayekuja kukopa: "Eti, ukoko upo?" Nikacheka mpaka basi. Nikamwambia leo nimepikia raiskuka, ukoko hamna. Ile sura aliyoikunja sijaisahau mpaka leo.

Sasa mi nina msimamo wangu kuhusu hili na najua kuna watu wataniona mshamba. Tukianza kuongelea mapishi ya kurithi, ya mabibi zetu, kila mtu anakimbilia pilau, biriani, samaki wa kupaka, yaani vyakula vya sikukuu. Vitamu, sikatai. Lakini pilau haiwezi kufa jamani, pilau ina harusi, ina maulidi, ina Idd mbili kila mwaka, mpaka msibani ipo, ina watetezi kila kona. Vinavyokufa ni hivi vidogo ambavyo hakuna mtu aliwahi kumpikia mgeni. Ukoko ndo wa kwanza, kiporo cha asubuhi kinafuata, halafu yale maji ya nazi anayokunywa aliyeivunja, maana ule ndo ujira wake na hakuna wa kumuingilia.

Mi nimekulia Tanga mjini, Ngamiani kwenye zile barabara za namba, na likizo zote zilikuwa za kwa bibi mzaa mama. Kazi yangu kwake ilikuwa nazi, mwanzo mpaka mwisho. Naifua kwenye kifuo kilichochimbiwa uani, naitikisa sikioni nisikie maji yanacheza, maana ukivunja koroma umeula wa chuya, tui hutoi la maana. Navunja, nakunywa maji yangu, nakaa kwenye mbuzi nakuna. Wenzangu wa kiume walikuwa wananicheka, eti dume zima limekaa kwenye mbuzi. Bibi anawasikia, ananiambia we mume wangu waache wacheke, wakija kula usiwanyime. (Mabibi wa pwani na wajukuu wa kiume ndo hivyo, nimeitwa mume wake mpaka siku naoa, akasema kaletewa mke mwenza.)

Na kukuna nako kuna adabu yake. Ukibonyeza sana ukafika kwenye ile ngozi ya kahawia iliyoshika kifuu, tui linatoka na rangi ya vumbi, na bibi alikuwa anaona hapohapo bila kuonja. Tui la kwanza linakamuliwa kwenye kifumbu linawekwa pembeni, machicha yanatiwa maji tena yanakamuliwa la pili, yakishatoka hapo ni ya kuku. Vifuu vinaingia jikoni kuwashia moto. Hakuna kilichokuwa kinatupwa kwenye ile nazi, makumbi yenyewe yalikuwa ya kusugulia masufuria.

Wali wenyewe alikuwa anaupika hivi. Tui la pili linachemka na chumvi, mchele uliopetwa na kuoshwa unaingia, ukikaribia kukauka anamwagia lile tui zito la kwanza, anageuza mara moja tu, anafunika. Halafu anaupalia, makaa mengi yanapanda juu ya mfuniko, chini yanabaki machache. Anaondoka zake kukaa barazani. Hapo ndo ukoko unapotengenezeka na nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa kwa nini wa wali wa nazi haushikiki na wa wali mwingine wowote, ni kwa sababu mafuta ya lile tui zito yanateremka taratibu mpaka chini ya sufuria, kwa hiyo zile punje za chini haziungui kwa ukavu, zinakaangika. Zinakaangika kwa mafuta ya nazi polepole kwa nusu saa! Bibi hakuwa na saa. Anapiga stori na jirani yake, ghafla anakata maneno, anasema nasikia harufu, we mume wangu katoe makaa. Ukichelewa dakika tano umepata mkaa, ukiwahi umepata wali uliolowa.

Wakati wa kukwangua ndo vita inaanza. Tulikuwa wajukuu sita. Wakubwa wanatutisha kwamba anayekula ukoko siku ya harusi yake itanyesha mvua, ili tuogope wao wabaki nao. Mi harusi yangu ilikuwa mwezi wa nne, Tanga, masika yamekolea. Turubai lilivuja. Sijutii hata punje.

Raiskuka sasa. Silitukani, mchana wa siku ya kazi linaniokoa. Ila jueni lilitengenezwa makusudi lisitoe ukoko. Maji yakiwepo ndani joto haliwezi kupita nyuzi 100, yakikauka joto linaanza kupanda, kile kidude cha chini kinashtuka, kinajikata, taa inahamia kwenye kupasha. Yaani pale tu ambapo ukoko ulitaka kuanza, mashine inazima! Toshiba walianza kuliuza Japani mwaka 1955 kuwapunguzia watu kazi ya kukesha na moto, na kazi hiyo limeifanya vizuri. Sisi tukaona imeisha hiyo.

Kinachonikera ni kwamba wenzetu huko duniani wanaringia ukoko wao. Wairani wanao, wanauita tahdig, wanapindua sufuria mbele ya wageni ule wa chini ukae juu, wa rangi ya dhahabu, na mpishi anapimwa kwa huo. Wakorea wana nurungji, wakishautoa wanamwagia maji ya moto kwenye sufuria wanakunywa yale maji baada ya kula. Wahispania ukiwapa paella, wali wao, isiyo na socarrat, yaani ukoko wake, wanakuona hujapika. Sisi tulionao tangu enzi tunauuliza kwa kunong'ona kama yule mgeni wangu. Na kwenye mahoteli ya pwani watakuandikia "vyakula vya asili ya Mswahili" ukurasa mzima, uagize ukoko uone watakavyokuangalia.

Kiporo nisiseme sana maana nitalia. Wali wa jana na maharage ya nazi, unapashwa asubuhi mpaka maharage yanakuwa mazito yanang'ang'ania mwiko, na chai ya rangi ya mchaichai. Mi mkate na siagi haijawahi kunipa raha hiyo. Angalizo tu, chakula cha nazi kinachacha haraka na joto letu hili, kwa hiyo kikipoa kitie friji usikiache mezani mpaka asubuhi, na kikishanuka uchachu mwaga, usijifanye shujaa.

Siku hizi niko Dar, mbuzi ya bibi ninayo, niliiomba kabla hawajagawana vitu vyake na hakuna aliyeitaka, shangazi mmoja alicheka akasema chukua hilo pembe la ng'ombe. Kifumbu nimekosa, natumia chujio la plastiki, siyo kitu kile kile lakini tui linatoka. Siku za kazi natumia tui la boksi kama watu wote. Jumapili hapana, Jumapili nakuna mwenyewe barazani nimeweka redio, na ile nusu saa ya kukuna ni mapumziko kuliko mapumziko yenyewe.

Shida ilikuwa mke wangu. Yeye wa Mbeya, mchele anaujua kuliko mimi, anatuletea wa Kyela ule ukichemka nyumba nzima inanukia, ila nazi kaikutia ukubwani, na alikuja na tabia moja iliyotaka kutuvunjia ndoa. Akishapakua tu, anamimina maji kwenye sufuria. Analoweka! Eti iwe rahisi kuosha. Mara ya kwanza nilikaa kimya, mara ya pili nikamuuliza mama watoto hivi unajua ulichofanya, akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Ikabidi siku moja nimkwangulie kipande kikubwa, nikakikunja na mchuzi wa kamba kidogo, nikampa bila maneno. Akala. Akasema sio mbaya. Basi yakaisha.

Wiki iliyopita nikachelewa foleni, nimeingia nyumbani saa tatu kasoro, njia nzima nawaza ukoko kwa sababu niliacha nimekuna nazi mwenyewe asubuhi. Chakula nimewekewa mezani, kimefunikwa vizuri. Naenda jikoni nakuta sufuria imelowekwa, imejaa maji mpaka juu. Nikauliza nani kaloweka? Kimya. Mama yuko bize na simu, binti yuko bize na katuni, na wote wawili midomo inang'aa mafuta.