Wiki tatu na macho yangu ya 165 Hz

Najua mshaipata, ile habari ya mimi na monita yangu mpya. Yule jamaa kaimwaga kila grupu, mpaka magrupu ambayo mimi simo, na nimejua kwa sababu watu nisiowafahamu wananisalimia "mambo vipi Sitini". Kwenye toleo lake eti nililia. Sikulia. Nilitoka nje mara moja kuangalia kama kuna dalili ya mvua. Sasa kwa vile kuumbuka nimeshaumbuka, acha niisimulie mwenyewe, maana kuna sehemu kaziongezea chumvi na kuna sehemu kaziruka, na alizoziruka ndo mbaya zaidi.

Monita yangu ya zamani ilikuwa inchi 24, 1080p (mistari 1080 ya nukta kutoka juu hadi chini), paneli (kioo chenyewe) ya aina ya TN, zile ambazo ukikaa wima picha ina rangi yake, ukiegemea kiti ina rangi nyingine, ukisimama kufuata chaja uso wa mtu unageuka kama negativu. Kuediti picha humo ilikuwa kupiga ramli. Na gemu ndo hivyo, 60 Hz, yaani kioo kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Nikajipangia bajeti ya kati, siyo ya kubangaiza wala ya wenye studio, nikasema natafuta moja itakayofanya kazi zote mbili, mchana picha usiku gemu.

Miezi miwili wadau. Miezi miwili nakesha naangalia watu wazima wanarekodi vioo kwa kamera za mwendo wa polepole. Nikajua kwamba paneli ya VA ina weusi wa kweli, kontrasti (tofauti ya cheupe na cheusi) kwenye 3000 kwa 1 wakati paneli nyingi za IPS ziko kwenye 1000 kwa 1, lakini VA nyingi za bei ya kati kwenye giza zinaacha mkia, adui akipita kivulini anaburuza moshi nyuma kama pikipiki bovu. IPS rangi inatulia hata ukitazama kwa pembeni, ila zima taa uone kona zinavyong'aa utadhani kuna mtu kajificha nyuma na tochi. Stika ya HDR 400 (HDR ni ile ya kuonyesha mwanga mkali na giza zito kwa pamoja) nikajua inaahidi mwanga wa niti 400 tu, haikilazimishi kioo kuwa na taa za kuzimika kwa kanda, kwa hiyo usiishikilie sana. Ile 1 ms ya kwenye boksi, eti kasi ya nukta kubadilika rangi, nayo usiioe. Inchi 27 kwa 1080p unapata kama pikseli (nukta za picha) 82 kwa inchi, unaweza kuzisalimia moja moja, lakini 27 kwa 1440p zinafika 109, hapo ndo nikatulia. 4K nikaiacha, ina pikseli zaidi ya mara mbili ya hizo, kadi yangu ya picha ingeandika barua ya kustaafu.

Na haya yote si kwamba nilikaa nayo moyoni. Nilihubiri. Kuna fundi alikuja kuziba bomba, nikamweleza kwamba sRGB, kile kiwango cha rangi, ilitengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na mpaka leo picha nyingi za mtandaoni zinakaa humo, kwa hiyo mtu wa bajeti ya kati asihangaike na Adobe RGB, ile yenye rangi pana zaidi, kama hachapishi. Akanisikiliza vizuri tu. Akaniuliza koki ya kufungia maji iko wapi.

Basi ikaja. IPS, inchi 27, 1440p, 165 Hz, sRGB asilimia 99. Ndani ya boksi kuna karatasi ya kiwandani inasema rangi zimepimwa, Delta E chini ya 2, yaani tofauti ya rangi ndogo kiasi kwamba jicho la kawaida linapata shida kuiona. Ile karatasi niliibandika ukutani. Chini yake kuna mstari unasema vipimo ni vya hali ya sRGB. Mstari huo niliusoma kwa macho haya haya, nikauona ni mapambo.

Nikachomeka, ikawaka, nikasema tayari. Setingi? Mtu aliyesoma miezi miwili anafungua setingi za nini.

Jioni ile ile nikaanza. Nikaposti kwamba mshale wa mausi unateleza kama kambare. Nikaandika kwamba kwenye 60 Hz fremu (picha moja moja) inakaa milisekunde 16.7 na kwenye 165 inakaa 6, na kwamba mimi sasa hizo milisekunde kumi na kitu za katikati naziona, zinapita, nazipungia mkono. Nilimwambia mtu, na huyo mtu ana skrinshoti, "siwezi tena kurudi 60, macho yangu yameshaharibika." Cha ajabu nilikuwa nashinda kweli! Wiki ile nilipiga watu gemu sijui hata nguvu nilitoa wapi. Na kaunta ya fremu pale kwenye kona ya gemu inaniandikia 150, 155, nikasema haya, ushahidi gani tena mnataka. Kumbe kaunta ile inahesabu fremu zinazotoka kwenye kadi, kadi ilikuwa inapika 150 na kioo kinapakua 60.

Sasa katikati ya huo utukufu ndo ikaja kazi ya picha. Binamu yangu kaolewa, picha nilipiga mimi, 312 baada ya kuchambua. Nikafungua ya kwanza, naona ngozi za watu zina ubluu ubluu, nikasema aah, kamera imekosea mizani ya weupe, nikapasha joto, yaani nikaongeza umanjano. Vivuli vimepauka, nikavikandamiza. Mwangaza umezidi, nikashusha. Nikanakili setingi hizo kwenye picha zote 312. Na kila nikirekebisha nilikuwa najisemea, naomba mlisikie hili vizuri, "ndo faida ya monita nzuri, inakuonyesha makosa ambayo zamani usingeyaona."

Nikazituma. Majibu yakaja. "Asante sana, ni za kipekee." "Zina joto." Shemeji, yaani bwana harusi mwenyewe, akaandika "nimejitafuta nikajipata haha". Nikajua nimependwa. Ya bi harusi na bwana harusi wamesimama mbele ya pazia jeusi nikaiweka wolpepa.

Jumamosi wakaja washkaji wanne, pamoja na mdogo wake mmoja wao, dogo ambaye hakuja kwa ajili ya monita, alikuja kuchaji simu. Nikasema leo nawaonyesha tofauti kwa macho, tuache maneno. Monita ya zamani nikaiweka kushoto, mpya kulia, kompyuta moja. Nikafungua ule ukurasa wa UFO, ule wa visahani vinavyopita kwenye skrini vikikuonyesha kasi ya kioo chako, nikaufungua huku na nikaufungua huku. Nikarudi nyuma hatua mbili. Nikakunja mikono. Nikasema, "Tazameni kushoto kinavyokatakata. Sasa tazameni kulia."

Wakatazama kulia. Wakatazama kushoto. Wakarudi kulia.

Mmoja akasema naona kama cha kulia ni kikubwa zaidi. Nikamwambia hiyo ni inchi 27 kaka, tuongelee mwendo. Mwingine, huyu ana adabu zake, Mungu ambariki, akasema "ni kweli, cha kulia kina kitu." Nikampa mkono. Nikamshika bega, nikaanza kuwaambia wengine kwamba macho hutofautiana, kuna watu wamejaliwa, wengine inabidi wayazoeze kwanza. Nilikuwa katikati ya neno "kuzoeza", wadau, niko kwenye silabi ya pili.

Dogo kule kwenye soketi, bila hata kunyanyuka, akasema: "Bro, mbona zote zimeandika 60?"

Ukurasa ule huwa unaandika. Namba, kubwa, wala haihitaji miwani. Kushoto 60. Kulia 60. Na mimi ukurasa ule nilishaufungua kama mara kumi ndani ya wiki tatu, namba ile imekaa pale siku zote inanitazama, mimi naangalia kisahani.

Nikasema ni brauza. Jamaa, huyu huyu msambazaji, akasema sawa, fungua brauza nyingine. 60. Nikasema basi ni waya. Akainama chini ya meza, akatoka, akasema waya ni DisplayPort, ndo uliokuja kwenye boksi, uko sawa. Nikasema wakati mwingine umeme ukiwa mdogo. Hapo hata yule mwenye adabu akaangalia chini.

Jamaa akasema, "Nipe mausi." Kwa sauti ya daktari. Kliki ya kulia. Setingi za skrini. Akashuka, akaingia kwenye zile za ndani, nakumbuka kila kliki ilivyolia. Kikafunguka kisanduku: 60. Akakibonyeza, orodha ikamwagika, 60, 120, 144, na mwisho kabisa 165, imetulia kama mtoto aliyesahaulika shuleni, haijalalamika, inasubiri tu mtu aje kuichukua. Akaichagua. Kioo kikazima kama sekunde moja hivi, na sekunde hiyo nilimwomba Mungu kisiwake tena, kiungue kabisa, niseme mmeniharibia monita. Kikawaka. Windows ikauliza tubaki na mabadiliko au turudi tulikotoka, inahesabu sekunde kurudi nyuma, chumba kizima kinaniangalia mimi. Akabonyeza tubaki. Akasukuma mshale kutoka kushoto kwenda kulia.

Wote kwa pamoja: "Aaaaah!"

Jamani ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana. Na mimi ndo naiona kwa mara ya kwanza na siruhusiwi kushangaa, maana kwa wiki tatu nimewaambia nishaizoea.

(Wewe unayecheka, nenda kafungue yako sasa hivi uangalie imeandika ngapi. Nakusubiri hapa. Eeh, kimya.)

Mtu mwenye akili angekubali yaishe. Mimi nikasema basi gemu tuiache, hii nilinunua hasa kwa rangi. Nikapeleka mkono nyuma ya kioo nikabonyeza kile kijiti cha menyu, ambacho nacho ndo siku ya kwanza nakigusa, menyu ikatokea: Hali, FPS. Mwangaza, 100. Dogo kutoka kwenye soketi: "FPS si ile ya gemu za risasi?" Ndiyo dogo, ni ile ya gemu za risasi. Ile inayosukuma rangi kwenye ubluu na kupandisha vivuli ili umwone adui aliyejificha gizani. Nikajikaza, nikasema usijali, kwa picha mtu anahamia sRGB, tazameni. Nikafunga madirisha yote ili waone wolpepa vizuri. Nikabonyeza.

Binamu yangu akawa koni ya barabarani. Sizidishi, ile rangi kabisa ya kuzuia magari. Shemeji hayupo. Suti imeungana na pazia, nywele zimeungana na pazia, limebaki shati jeupe na tai vimesimama pembeni ya koni vimeishika kiuno. Nikakumbuka "nimejitafuta nikajipata haha".

Kimya kilikuwa cha kusikia feni ya kompyuta. Halafu yule mwenye adabu, kwa upole wa kuua, "Hizi si ndo zile ulizowatumia?" Halafu nikasikia simu ikipiga picha. Hapo ndo nikaenda kuangalia mvua.

Yaliyofuata mafupi. Nikashusha mwangaza mpaka nikaacha kukunja uso, ile 100 ilikuwa tochi tu na ndo iliyonifanya nizizamishe picha gizani, nikaazima kipima rangi kwa mtu, nikarudia zote 312 kwa usiku mbili, nikaziangalia kwanza kwenye simu tatu tofauti kabla ya kutuma, nikaomba radhi, binamu akacheka mpaka akakata simu, shemeji akasema alidhani ndo mtindo wa sasa. Nyie mnaoniuliza modeli sisemi, monita haina kosa lolote.

Imebaki shangazi, mama yake bi harusi. Yeye zile za kwanza alishazipeleka kuchapishwa, ya pale kwenye pazia kaikuza, iko ukutani sebuleni. Jana kanipigia anauliza hizi za pili nimezifanyaje, mbona zimepauka hivi. Nikamwambia shangazi, zile za mwanzo zilikuwa na makosa, monita ilikuwa kwenye hali ya gemu. Akasema, "Mwanangu, hayo ya gemu mimi siyajui. Nirudishie mtoto wangu anang'aa."