Kalenda ya timu isiposema kweli, heri isiwepo

Kwa miaka kadhaa sasa mimi ndiye ninayepanga miadi ya timu yetu. Tuko saba, wafasiri na wahariri, na kila mmoja anafanyia kazi alipo. Zamani kikao cha nusu saa kilikuwa kinatugharimu siku mbili za ujumbe. Jumatatu asubuhi naandika kwenye kundi la WhatsApp: "Jumatano saa nane mnaonaje?" Wawili wanakubali. Wa tatu ana mteja. Wa nne anapendekeza Alhamisi, tunahamia Alhamisi, halafu usiku wa tano anasoma ujumbe wa asubuhi na kujibu kwamba Jumatano inamfaa sana. Wa sita kimya. Jumatano saa nane inafika, na kuna mtu amekaa mbele ya kompyuta anatusubiri.

Kwa hiyo tulipoanza kutumia kalenda ya pamoja mtandaoni nilishukuru kwa dhati. Niliona tatizo limekwisha: kila mtu anaona nafasi za mwenzake, unachagua saa, unatuma mwaliko, kazi imekwisha. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba tulikuwa tumehamisha tatizo tu, na mahali pengine limekuwa baya zaidi kwa sababu sasa halionekani.

Siku iliyonifungua macho nilikuwa natafuta saa ya kumweka mteja. Nikafungua wiki ya mhariri wetu mmoja. Alhamisi yake kuanzia asubuhi mpaka mchana ilikuwa nyeupe kabisa, hakuna hata mstari. Nikamweka mteja saa nne, na mhariri akabonyeza "Ndiyo". Kikao kikafanyika, kikaenda vizuri. Jioni akanipigia. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Dada, uliona peupe ukadhani nimekaa tu. Pale peupe ndipo ninapofanya kazi." Alikuwa na muswada wa kukabidhi siku ileile. Kikao changu kilimkata katikati ya sura ngumu kuliko zote, na alipomaliza nacho ikambidi arudi nyuma kurasa kadhaa ili aushike tena uzi wa mwandishi. Alimaliza usiku.

Nilimuuliza kwa nini alikubali. Akasema angekataaje, na kalenda yake inaonyesha hana kitu?

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Kalenda ilitengenezwa kuonyesha miadi, yaani mambo tunayofanya na watu wengine. Kazi yenyewe, ile unayoifanya peke yako umeinamisha kichwa, haina mwaliko, haina mshiriki wa pili, basi haionekani. Matokeo yake, anayefanya kazi kubwa kwa utulivu anaonekana mtu asiye na shughuli, na anayeshinda vikaoni anaonekana ndiye mwenye kazi. Kisha sisi wapangaji tunachukua muda wa yule wa kwanza bila kujua tumechukua nini. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari wangeshangaa kuona hata muda unapotea mbele ya daftari lililo wazi, ikiwa daftari halijaandikwa yote.

Ndiyo maana leo nashikilia jambo moja, na nalishikilia kwa nguvu: kazi iandikwe kwanza, vikao vifuate. Kila mmoja wetu, kabla ya wiki kuanza, anaziba saa zake za kazi nzito kama anavyoziba miadi na mteja. Ninapoona peupe, nataka pawe peupe kweli, ili niweke mwaliko bila kumuuliza mtu na bila kumwibia mtu. La sivyo tutarudi palepale, kuulizana kwenye kundi, "Kalenda inaonyesha una nafasi, lakini je, una nafasi?" Timu ikifikia kuuliza swali hilo, kalenda yake imekufa hata kama kila siku inafunguliwa.

Nimewahi kupingwa kwamba mkifungua mlango huo watu wataziba wiki nzima wakwepe vikao. Kwetu ilitokea. Mwenzetu mmoja aliziba kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, wiki tatu mfululizo. Sikumwandikia waraka, nilimpigia simu. Kumbe alikuwa na kazi ya watu wawili na hakuwa amemwambia yeyote. Tulimgawia mtu mmoja nusu ya mzigo na kalenda ikaanza kuwa na madirisha. Kwa maoni yangu wiki iliyozibwa yote ni habari, na ni afadhali kuipata kwa rangi kwenye skrini kuliko kuipata siku mtu anaposhindwa kukabidhi.

Sasa niseme kuhusu saa, maana hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe na sioni ukizungumzwa vya kutosha.

Kalenda haijui saa ya Kiswahili. Kwetu siku inaanza kuhesabiwa kunapokucha, saa moja asubuhi kwenye kalenda ni 7:00, na tofauti ni sita kila wakati. Sote tunajua kuigeuza kichwani bila kufikiri. Hatari ni kwamba ukikosea kwa saa sita ndani ya siku ya kazi, bado unaangukia ndani ya siku ya kazi. Saa mbili ni 8:00, lakini anayeandika tarakimu 2 anapata mchana, na mchana watu wako kazini. Saa tatu ni 9:00, anayeandika 3 anapata alasiri. Saa nne, saa tano, hali ni hiyohiyo. Kosa linakaa mahali pa heshima kabisa, wala hakuna anayelitilia shaka kama ambavyo angetilia shaka kikao cha saa tisa usiku.

Lilitukuta. Mteja mmoja mpya nilizungumza naye kwa simu, nikamwambia kwamba mfasiri wetu atafika kwao Jumanne saa tatu. Mimi nikaandika 9:00 kwenye kalenda yetu. Upande wa pili, aliyepokea maneno yangu akaandika 3:00 alasiri kwenye yao. Jumanne asubuhi simu ikalia, ni mfasiri wetu. "Dada, niko hapa mapokezi, wananiambia miadi yangu ni ya alasiri, na chumba kina watu wengine." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza huku watu wanamtazama. Alikaa pale akisubiri mpaka tukapata maelewano, na kazi aliyopangiwa mchana ikabidi afanye mwingine.

Sikumlaumu aliyeandika 3:00. Kosa letu lilikuwa kwamba miadi moja iliandikwa mara mbili, na watu wawili, kila mmoja kwa jinsi alivyosikia. Ningetuma mwaliko wakati ule ule wa simu, pande zote mbili zingekuwa na saa moja iliyoandikwa mara moja. Tangu hapo simalizi mazungumzo ya miadi kabla mtu wa upande wa pili hajaufungua mwaliko na kunisomea anachokiona. Tena kwenye kichwa cha miadi naandika kwa maneno, "saa tatu asubuhi", nikiiachia mashine tarakimu zake. Aliyezoea saa ya Kiswahili na aliyezoea nyingine wote wanakuta wanachokihitaji mahali pamoja.

Kwa wanaofanya kazi na watu wa nchi za mbali kuna la kuongeza. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani huanza mapema zaidi, Jumapili ya pili ya Machi. Kwa wiki mbili au tatu hivi za mwezi huo, tofauti ya London na New York huwa saa nne badala ya tano. Nchi nyingi za Afrika hazigusi saa zao. Basi kikao cha kila wiki kilichoandikwa na mwenzenu aliyeko Ulaya kitabaki palepale kwake, na kwenu kitasogea saa nzima mapema bila mtu yeyote kukigusa. Kalenda imefanya sawasawa ilivyoagizwa, kwa sababu miadi inayojirudia hufuata saa za eneo ambalo iliandikiwa. Muhimu ni kukubaliana mapema kikao kinafuata saa za nani, na wiki hizo mbili tatu za Machi nazipitia mwenyewe kwa jicho.

Kuna tabia nyingine inayonisumbua, na nitaieleza kwa undani kidogo kwa sababu wengi wanaifanya kwa nia njema. Kikao kikibadilika saa, mtu anafuta ule mwaliko na kuandika mpya. Msifanye hivyo. Sogezeni uleule. Kalenda hizi, iwe ya Google iliyotoka mwaka 2006, iwe Outlook, iwe ile ya simu za Apple, zinaelewana kwa sababu zinafuata kanuni moja ya pamoja inayoitwa iCalendar, iliyochapishwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009. Chini ya kanuni hiyo kila miadi ina namba yake ya utambulisho, na ina hesabu ya mabadiliko inayopanda mnapohamisha saa. Mkisogeza, kalenda ya mwenzenu inaona namba ileile yenye hesabu kubwa zaidi, inajua ni miadi ileile imehama. Mkifuta na kuandika upya, inaona jambo lililokufa na jambo jipya lililozaliwa, majibu ya waliokwisha kukubali yanapotea, na ambaye simu yake haikuwa na intaneti wakati huo anaweza kubaki na zote mbili kwa muda. Halafu anafika kwenye ile isiyokuwepo.

Kuhusu nani aruhusiwe kubadilisha nini, mimi sipendi kila mtu awe na mamlaka juu ya kalenda ya kila mtu. Wote waone, wawili wapange. Zaidi ya hapo ni vurugu.

Lakini hata kuona kuna mpaka wake, na hapa naomba wanaopanga wanisikilize. Siku moja tulikuwa kwenye kikao na mtu wa nje, skrini yangu inaonekana kwa wote, nikafungua wiki ya timu kutafuta tarehe ya kukutana tena. Pale katikati, kwa herufi zilizosomeka vizuri kabisa, palikuwa na miadi ya hospitali ya mwenzetu na jina la kitengo anachotibiwa. Niliifunga haraka. Haikuwa haraka ya kutosha. Yeye hakusema neno wakati ule wala baadaye, na ukimya wake uliniuma kuliko kama angenisema.

Ukweli ninaoutaka kwenye kalenda ni ukweli wa muda. Sihitaji kujua mtu anaenda wapi, nahitaji kujua kwamba saa ile hayupo. Kalenda karibu zote zinakuruhusu kuchagua wenzako waone tu kwamba una shughuli, bila maelezo, na zinakuruhusu kuifanya miadi moja iwe ya faragha hata kama nyingine ziko wazi. Siku ileile jioni nilimwandikia kila mmoja nikimwelekeza mahali pa kubadilisha, na ya kwangu nikaibadilisha kwanza. Mtu akijua siri yake iko salama, ataandika saa zake zote. Akiogopa, ataacha peupe, nami nitampangia kikao siku ya kwenda kwa daktari.

Siku hizi Ijumaa alasiri tuna dakika kumi za pamoja. Kila mmoja anafungua wiki ijayo na kuirekebisha: anaziba, anafungua, anasogeza. Mmoja wetu, mkubwa kuliko sote, bado anaandika kila kitu kwenye shajara ya karatasi kwa kalamu ya risasi. Mwanzoni niliwahi kumshinikiza aiache, na nilikosea. Ijumaa anaifungua mezani, anapitisha kidole siku moja baada ya nyingine, na anaingiza kwenye kalenda kila anachokikuta. Wiki yake ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Ninapokuta peupe kwake, natuma mwaliko bila kupiga simu.