Buibui mwari na lawama za kubadilisha majina

Wapenzi wa viumbe wana lalamiko moja lisilokwisha: wanasayansi hawatulii, leo buibui yuko familia hii, kesho wamemhamisha. Mimi nawatetea wanasayansi, na shahidi wangu ni buibui mwari, wa familia ya Archaeidae.

Wa kwanza kuelezwa alikuwa mfu, ndani ya kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) ya Baltiki, mwaka 1854. Walio hai walielezwa baadaye, mwaka 1881, kutoka Madagaska. Leo wanajulikana pia Afrika Kusini na Australia.

Mwilini ni milimita chache tu, lakini umbo lake! Sehemu ya kichwa imepanda juu mno, na huko kileleni yananing'inia mataya mawili marefu, kama mdomo wa ndege mwari aliyeinamisha kichwa. Tunaiita shingo, ingawa ni gamba la kichwa lililonyanyuka na kuyazunguka mashina ya mataya pande zote. Urefu huo una kazi, maana anakula buibui wenzake. Usiku hufuata uzi alioacha mwenzake, akipapasa kwa miguu ya mbele. Akimfikia, hulifyatua taya nje kwa pembe ya digrii 90, humchoma na kumning'iniza mbali na mwili wake hadi afe. Aliyekamatwa hana pa kumng'ata.

Sasa mpange kwenye ukoo wake. Mwaka 1984 wataalamu wa buibui Raymond Forster na Norman Platnick waliichambua upya familia hii, wakawatoa baadhi na kuwaundia familia zao. Kisha wakawaweka wote kwenye kundi kubwa la Palpimanoidea, wakiwaongeza Mimetidae, familia nyingine ambayo nayo hula buibui. Hoja kubwa ilikuwa vijino vya mataya ambavyo asili yake ni vinyweleo. Hoja nzuri kabisa, nami ningeikubali. Ila viungo vya kutolea uzi, na baadaye DNA, vikaonyesha Mimetidae wako karibu zaidi na buibui wafuma tando za duara; vijino vyao viliota kivyake. Pararchaeidae, mojawapo ya familia zilizoundwa mwaka huohuo wa 1984, ikafutwa 2017 na buibui wake kuhamia familia ya Malkaridae. Mecysmaucheniidae, nao waliotolewa mwaka huo, wakabaki ndugu wa kweli wa Archaeidae, na baadhi yao hufunga mataya kwa kasi ambayo misuli peke yake haiwezi kuitoa.

Mnaita huku kuyumba? Mlitaka kosa la 1984 liachwe ili lebo zisibandikwe upya? Mwaka 2018 watafiti Hannah Wood na Nikolaj Scharff walieleza spishi mpya 18 za Archaeidae kutoka Madagaska. Zikihamishwa kesho kwa ushahidi, mimi nitafuta na kuandika upya.