Bahari Iko Mlangoni, Sisi Twaichora Ubaoni

Hornsea ni mji mdogo wa pwani mashariki mwa Uingereza, si mbali na Hull. Bahari yake ina rangi ya chai ya maziwa na upepo wake unakata masikio. Wiki hii ufuoni kulikuwa na wanafunzi wa sekondari, makoti ya mvua hadi magotini, wamegawanyika wanne wanne. Kila kundi lina fimbo mbili zilizopakwa nyekundu na nyeupe, tepu ya kupimia na karatasi iliyobanwa kwenye ubao. Mmoja anashika fimbo, wa pili anachungulia, wa tatu anasoma, wa nne anaandika. Mvua inanyesha na kazi inaendelea. Mwalimu wao hasemi kitu, anapita tu kundi hadi kundi akitazama mikono yao.

Inafurahisha kuona, na inauma. Nimesema inauma kwa sababu kwetu pwani ya Kenya ufuo wa Shela, kisiwani Lamu, una takriban kilomita 12 za mchanga, Malindi ina mdomo wa mto Sabaki na bahari wazi, na mtoto wa huko anamaliza kidato cha nne akiwa amejifunza mawimbi kwa chaki.

Najua jibu liko tayari: "Huyo ameshaonja ubaridi, sasa shule za kwao zamnukia." Sivyo. Nianze na tunachowazidi. Mwanafunzi wa Kenya aliyefundishwa vizuri anapewa kipande cha ramani cha 1:50,000, anajua sentimita 2 ni kilomita moja, anasoma kontua za kila mita 20, anatoa rejea ya gridi ya tarakimu sita, anachora mkato wa ardhi kwa penseli na kukokotoa mteremko. Swali la 6 la karatasi ya kwanza ya Jiografia katika KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari, ni la lazima, na linamtaka afanye hayo kwa mkono wake. Huku kazi nyingi ya ramani imehamia kwenye skrini, na vijana wengi hawajawahi kukata ukingo wa karatasi na kuupachika alama za kontua. Katika hilo mwalimu aliyesomea Kenya hana wa kumwonea haya.

Lakini hebu tazama swali letu la utafiti wa nyanjani. "Taja sababu za kulizuru eneo kabla ya utafiti." Jibu linajulikana kabla swali halijasomwa: kujua njia, kukadiria gharama, kuandaa ratiba, kuomba ruhusa. "Taja matatizo mliyokutana nayo." Mvua, wenyeji kukataa kuhojiwa, uchovu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika tepu anapata alama zote, na aliyelowa hadi kiunoni akaja na jibu ambalo halimo kwenye mwongozo wa kusahihisha anaweza kukosa. Tumeufanya utafiti wa nyanjani kuwa shairi la kukariri.

Uingereza mtihani ndio unaomsukuma mwalimu nje. Mwanafunzi wa miaka 16 lazima awe ametoka darasani kwa utafiti mara mbili, katika mazingira mawili tofauti. Akiendelea na Jiografia hadi miaka 18 ni siku 4 kwa uchache, kisha anaandika uchunguzi wake mwenyewe wa maneno 3,000 hadi 4,000, wenye asilimia 20 ya alama zote. Mwalimu naye, baada ya shahada ya miaka 3, anasomea ualimu mwaka mmoja, na siku 120 za mwaka huo yumo shuleni, katika shule zisizopungua mbili. Sisi tunasoma miaka 4, masomo mawili ya kufundishia pamoja na elimu, na mazoezi ya kufundisha ni muhula mmoja. Nadharia tunayo kuwazidi. Kinachotupungukia ni mazoea ya kutoka nje na kipimo mkononi.

Na kutoka kwenyewe kwetu hakuhitaji basi! Hapo ndipo ninapochoka. Chukua mikoko. Mtoto wa Lamu anajua kwamba mlilana uko mbele baharini, nyuma yake mkoko wenye mizizi ya magongo, halafu muia na mkandaa, na mchu kule nyuma kwenye chumvi kali. Anajua miti ya kujengea inayokatwa humo: fito ni fito, pau ni pau, mazio ni mazio na boriti ni boriti, kila jina na unene wake. Huo ni mpangilio wa mimea kwa kina cha maji na chumvi, mada kamili ya kitabu. Akifika darasani anaambiwa akariri jina la Kilatini na mchoro wa ziwa la Ulaya. Bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana, anaijua kwa sababu babu yake huisubiri kwenda kuvua miambani, ila jina lake la Kizungu, "spring tide", linamfanya adhani ni maji ya msimu fulani wa mwaka. Mwalimu akisema tu "hii ndiyo bamvua, jua na mwezi vimepanga mstari mmoja, na yale mengine ni maji mafu", nusu ya kipindi imekwisha.

"Vifaa viko wapi?" atauliza mwalimu wa Faza au Gongoni, na ana haki ya kuuliza. Basi nieleze jinsi ya kupima mteremko wa ufuo.

Tafuta fito mbili zilizonyoka, zikate mita 1.5 kila moja, zilingane kabisa. Kwenye kila moja weka alama za sentimita kuanzia juu kushuka hadi sentimita 50. Zifunge pamoja kwa kamba ya mita 2. Anza juu ya ufuo, penye kitu kisichohama, shina la mnazi au pembe ya ukuta, ili mwakani urudi palepale. Fito moja isimame hapo, ya pili isogezwe kuelekea majini hadi kamba ikaze. Aliye nyuma, upande wa nchi kavu, ashushe jicho mpaka ncha ya fito ya mbele ilingane na mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Jicho lake linapita wapi kwenye fito yake mwenyewe? Likipita sentimita 14 kutoka juu, ufuo umeshuka sentimita 14 katika mita hizo mbili. Andika, sogea, fito ya nyuma ikae palipokuwa na ya mbele. Hivyo hivyo hadi majini.

Yanayoharibika ni matatu. Kwanza, fito ya mbele huzama kwenye mchanga uliolowa na ufuo huonekana mkali kuliko ulivyo. Weka kipande cha ubao chini ya kila fito, vyote unene mmoja. Pili, mkifika penye tuta la mchanga, ufuo unapanda, hivyo jicho linapita kwenye ncha ya fito ya nyuma na namba inasomwa kwenye ya mbele, na inaandikwa kwa alama ya kujumlisha. Wanafunzi husahau alama hiyo, na kwenye grafu tuta linakuwa shimo. Usiwasahihishie hapohapo. Waache wachore, walione shimo ambalo hawakulikanyaga, watafute wenyewe. Tatu, njia hii inataka upeo wa bahari wazi. Malindi na Shela ya upande wa bahari kuu inafaa, lakini mbele ya mji wa Lamu una kisiwa cha Manda usoni. Hapo tumia protrakta, uzi na nati. Uzi ukining'inia kwenye 86, mteremko ni digrii 4, kwa sababu unatoa kwenye 90. Ukikuta daftari limeandikwa mteremko wa 86, huyo amepima ukuta.

Kupima mkondo unaosukuma mchanga kando ya ufuo, tupa kidaka, tunda changa la mnazi, majini, pima mita 10 sambamba na ufuo, hesabu sekunde. Rudia mara tano, toa wastani. Kidaka huzama nusu kwa hiyo upepo haukichukui ovyo.

"Na mtoto akizama?" Swali hili ndilo zito, na sitalipuuza. Mwalimu wa huku haendi ufuoni bila karatasi ya hatari: saa ya maji kupwa, nani anasimama upande wa majini, mwisho wa kuingia ni wapi, nani ana simu, zahanati iko wapi. Karatasi hiyo haihitaji pesa. Bamvua kwetu hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku saa husogea mbele karibu dakika 50. Anza muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, umalize yanapoanza kurudi. Mpaka wa maji ni magoti. Wanafunzi 60 ni makundi kumi ya sita, matano ufuoni na matano yakichora ramani ya eneo juu, kisha yabadilishane.

Kwa wanaoingia chuo kusomea ualimu sasa: C+ ya jumla na C+ katika masomo yote mawili ya kufundishia, hilo TSC, tume ya walimu, hawalegezi. Ukiweza kuoanisha Jiografia na Hisabati, oanisha, takwimu hazitakutisha. Usiziogope kozi za uchoraji ramani. Muhula wa mazoezi ukikupeleka pwani, nenda na fito zako. Gredi ya 10 ya mtaala mpya ilianza Januari 2026 na KCSE ya mwisho ni ya 2027, kwa hiyo kile kisingizio cha mwongozo wa kusahihisha kinaondoka, na wanafunzi watakaofika mbele yako watataka kuona kitu.

Na ukipangiwa Malindi, pima mara mbili: Januari na Julai. Wakati wa kaskazi maji mekundu ya Sabaki husukumwa kusini kuelekea mjini, wakati wa kusi husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui. Chora grafu mbili kwenye karatasi moja, kwa kalamu za rangi mbili, kutoka kwenye shina lilelile la mnazi.