Chanjo ya kichaa haimalizi kazi

Kila mwaka ikikaribia Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri kadhaa hapa Tanzania hutangaza chanjo, na utaona watoto wamepanga foleni, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba. Naipenda sana siku hiyo. Kichaa hakitibiki dalili zikishaanza, na karibu binadamu wote wanaokufa nacho huwa wameambukizwa na mbwa. Tukichanja asilimia 70 ya mbwa wetu, ugonjwa hukosa pa kupita. Kinachoniuma ni kinachofuata: mbwa anarudishwa bandani, kadi inawekwa kabatini, na mwenye mbwa anajihesabu amemaliza wajibu wake wa mwaka mzima.

Kwa ninavyoona mitaani kwetu, watoto wa mbwa wanamalizwa na parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, na wakubwa wanamalizwa na magonjwa ya kupe.

Parvo haikawii. Mtoto aliyekuwa akicheza juzi anaanza kutapika, anaharisha damu yenye harufu kali, na asipowekewa dripu mapema anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Chanjo yake ipo, ila siyo ile ya kichaa. Huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwa mama yake inaweza kuizima sindano ya mwanzo. Muuzaji akikwambia "huyu kashachomwa", muulize kachomwa nini, lini, na kadi iko wapi. Na kama nyumbani kwako amewahi kufa mmoja kwa parvo, usiharakishe kuleta mwingine, maana virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi.

Kupe ndio wanaonikera zaidi, kwa kuwa tumewazoea. Mtu anawaona masikioni mwa mbwa wake kama punje za kunde na anasema ni uchafu tu, ataogeshwa Jumapili. Mfungue vidole, utawakuta katikati. Wako kwapani, chini ya mkia, na chini ya ule mkanda wa shingoni ambao haujavuliwa tangu ununuliwe. Kupe hao hubeba vijidudu vinavyoingia kwenye damu. Mbwa ananyong'onyea, anaacha chakula, analala kutwa. Mnyanyue mdomo utazame fizi: za mbwa mzima ni za waridi, na zikiwa zimepauka, ujue damu imepungua. Akitoka damu puani, au mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, usingoje kesho. Daktari wa mifugo akiwahi kumwona, dawa zipo na mbwa wengi hupona.

Wengi hushangaa kwamba wameogesha na kupe wamerudi. Kupe wa mbwa hunyonya, akashiba, akadondoka, kisha akapanda ukutani na kutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa za banda. Kwa hiyo ukimwogesha mbwa ukaliacha banda, umefanya nusu ya kazi. Ziba nyufa, choma yale magunia anayolalia, banda lipigwe dawa mbwa akiwa nje, kisha urudie kama daktari atakavyokuelekeza, kwani mayai yatakuja kuanguliwa. Ila tafadhali, msichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe mkaikadiria kwa macho. Mbwa hujilamba, na mtoto wa mbwa anaweza kufa kwa sumu hiyo.

Jambo jingine ni lile banda lenyewe. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa kwenye kibanda cha bati tangu alfajiri hadi usiku, maji yamekauka kwenye sufuria, anaumia hata kama ana chanjo zote. Sioni kwa nini mtu atoe fedha nyingi kununua mbwa wa kizungu kisha ashindwe kumwekea kivuli na maji.

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo. Siku ya chanjo mbwa wanakuwa wameshaletwa, wameshashikwa, na wenyewe wako hapohapo. Afisa mifugo akishachoma sindano, ampekue mbwa masikio, amwonyeshe mwenyewe fizi, na ampe dawa ya minyoo kwa bei ya kununulia. Wengi wa hawa mbwa hawatamwona mtaalamu tena mpaka mwaka ujao.