Kahawa Inakausha Damu? Basi na Chai Ishtakiwe

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mwanza. Jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa lishe anaonya kwamba kahawa inakausha damu, kwa hiyo wajawazito na watoto wanywe chai, tena iliyokolea majani. Kwenye grupu la ukoo wetu shangazi zangu wameitikia amina utadhani wako ibadani.

Jamani! Kama ni kesi ya damu, mshtakiwa namba moja ni hiyo chai.

Damu inahitaji madini ya chuma. Chuma cha maharage, mchicha na matembele hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama na samaki, na tanini, kemikali zilizomo kwenye majani ya chai, hukinasa kikiwa bado tumboni. Kahawa nayo ina tabia hiyo, sikatai, ila inazidiwa. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walipima mlo wa nyama ulioshushiwa na vinywaji hivi: kahawa ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 39, chai kwa asilimia 64. Na hiyo ni nyama!

Sasa pita kwa mama lishe yeyote pale Kirumba saa moja asubuhi. Chapati maharage, na chai ya rangi ya kushushia. Mtoto anakwenda shule na kiporo cha wali maharage na chai. Mjamzito anapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, anafika nyumbani anavimeza kwa chai, halafu mwezi ujao akipimwa damu haijapanda, tunamlaumu nesi. Huku Kanda ya Ziwa malaria, minyoo na kichocho vimeshachukua fungu lao. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliwakuta takriban asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Sisemi chai ndiyo iliyowafikisha hapo. Nasema mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia aongeze majani!

Wala sijasema chai iachwe, mimi mwenyewe ya saa kumi jioni siikosi. Ikae mbali na sahani tu. Mezani weka maji, kamulia ndimu kwenye mboga, vitamini C inakisaidia chuma kupita. Na dagaa tunao, soko la samaki la Mwaloni pale, watu wanawafuata kutoka nchi jirani sisi tunawaita chakula cha shida.

Haya, kahawa nayo isijifanye malaika. Ile ya kijiweni haichujwi, na kahawa isiyochujwa hupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Kahawa aina ya robusta ya ndugu zetu wa Bukoba ina kafeini karibu mara mbili ya ile aina ya arabika, na mjamzito hushauriwa asivuke miligramu 200 kwa siku. Saratani? Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliiondolea kahawa tuhuma hiyo, wakakinyooshea kidole kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi. Chai ya kupuliza imo humo.

Sukari ndiyo sitaki hata kuianza. Mtu anatia vijiko vinne kwenye kikombe kimoja cha chai, anakoroga taratibu, halafu ananitazama mimi na kahawa yangu chungu na kuniuliza kama siogopi kisukari.