Acheni semina za mboga, tuleteeni maji

Kila nikisikia mtu anasema watu wa uswahilini hawali mboga kwa sababu hawana elimu ya lishe naishiwa nguvu kabisa. Elimu ipi tena jamani? Mama yeyote wa Manzese au Tandale anajua mtoto anatakiwa ale mboga, na kwamba matembele yanaongeza damu bibi zetu walitwambia zamani, kabla hata hazijaja hizi semina za tisheti na soda. Mjini hapa Dar kinachoamua nani anakula nini ni bei, umbali, na nani kakuletea mpaka mlangoni, basi. Chipsi mayai ipo kila kona mpaka usiku wa manane, huku papai linaiva genge mpaka linaoza kwa sababu hela ya siku imeshakwisha kwenye unga na mkaa. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, haya, familia ya watu wazima watano hizo ni kilo mbili, kila siku ya Mungu, kwa mtu anayepata hela kwa kutwa na hana friji.

Sensa ya 2022 ilituhesabu wakazi wa Dar es Salaam 5,383,728. Nyanya tunaletewa na malori kutoka Iringa, vitunguu Singida, kabeji na karoti Lushoto. Lakini mchicha ukishang'olewa alfajiri ukafika jioni bila maji ni wa kulisha sungura, kwahiyo lazima ulimwe humu humu mjini. Na nani analima? Wakazi tu. Wanalima mabondeni, chini ya nyaya za umeme mkubwa, pembezoni mwa reli, kwenye viwanja ambavyo tajiri kazungushia ukuta miaka kumi hajajenga. Hakuna aliyeandika andiko la mradi ili mchicha ufike Magomeni, watu walijipanga wenyewe na ukafika.

Kama huamini pita bonde lolote lenye matuta kabla jua halijachomoza. Mkulima kashika keni mbili, kila mkono moja, anashuka shimoni kuchota anapanda anamwagilia anashuka tena, asubuhi hivyo na jioni hivyo, na mchicha unamchukua wiki tatu mpaka nne tangu apande mbegu. Pembeni wamama wamekuja na mabeseni. Pale hawapimi kilo, wanauziana kwa tuta, mama anatembea anaangalia, hili limeshona hili limepigwa na wadudu, wanakubaliana bei, anang'oa mwenyewe, anafunga mafungu, anasuuza mizizi udongo utoke, anabeba kichwani anaondoka. Saa moja asubuhi unamsikia mtaani kwenu, mbogaaa, matembele, mchicha, kisamvu! Na huyu mama anajua vitu ambavyo hamna afisa lishe anavijua, nyumba ile mzee ana sukari anapenda mnafu, nyumba hii wameishiwa tangu juzi, anaweka fungu mlangoni, "chukua mwanangu, hela utanipa jioni." Supamaketi gani itakukopesha matembele?

Sasa hawa wakulima kirasmi ni nani? Hapo ndo panachekesha. Mwaka 1974 serikali yenyewe ilikuja na Kilimo cha Kufa na Kupona, kila penye nafasi watu wanahimizwa walime. Miaka ya 80 hali ilipokuwa ngumu hata maprofesa wa Chuo Kikuu pale Mlimani walifuga kuku na ng'ombe na hakuna aliyewaona washamba. Mwaka 1992 zikatungwa kanuni kabisa za kilimo cha mijini, mtu asizidishe ekari tatu, ng'ombe wa kufungia ndani wasizidi wanne. Yani kisheria mkulima wa mjini anajulikana zaidi ya miaka thelathini, ila nenda ukamuulize ana karatasi gani ya lile eneo. Hana. Anaambiwa lima lima tu mwenyewe hajaja, siku mwenyewe akija na katapila linapita juu ya chainizi imebaki wiki moja ivunwe. Na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne kina mama, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ni hela nzuri sana, ila kikundi cha watu ambao kesho wanaweza wasiwe na shamba kitaandika nini kwenye ile fomu?

Najua mtu ataniambia mboga za bonde la mto Msimbazi chafu. Ni kweli, sibishi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mto Sinza na Msimbazi, wakapima kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na risasi ilikuwemo kwenye mboga. Huo Msimbazi unatoka huko milima ya Pugu unapita Vingunguti unapita Kigogo mpaka Jangwani, njiani unapokea ya viwandani, ya machinjio, na vyoo vinavyotapishwa mvua ikinyesha. Aliyeuchafua ni mmoja, anayefyekewa mboga ni mwingine. Na ukimfyekea huyu wa bondeni hujaongeza hata fungu moja safi sokoni, umepandisha bei tu, na mama wa beseni atatafuta tuta sehemu nyingine ambayo wewe huijui maji yake yanatoka wapi.

Mimi ningeanza na maji. Kisima kirefu kimoja na tenki kwenye kila eneo lenye wakulima wengi, wachangie mafuta au umeme wa pampu kama tunavyochangia taka, na pale pale liwekwe karo la kuoshea mboga maana pale kwenye kusuuza mizizi uchafu unaweza kuingia hata kama shambani palimwagiliwa vizuri. Udongo upimwe pia, manake risasi ikishakaa ardhini haiondoki kwa kubadilisha maji, na matuta yaliyo ubavuni kabisa mwa mto yapandwe maua na ukoka, soko lake lipo, angalia wauza maua walivyojaa kando ya barabara zetu. Visima vingine vitatoa chumvi, hilo linajulikana Dar, sasa si ndo kazi ya afisa ugani kusema hapa weka hiki pale usiweke.

Badala yake tunaletewa viroba. Kilimo cha kwenye gunia na matairi sikichukii, mwenye uani wake apande, na ushauri wangu aanze na matembele sababu unachuma yanachipua tena, mchicha ukiung'oa ndo kwaheri. Ila hawa wanaoleta viroba hawajawahi kupanga chumba kimoja nyumba yenye wapangaji wanane. Uani pale pana kamba za nguo, majiko, ndoo, pikipiki ya mtu, na mwenye nyumba anayesema maji ya bomba yasimwagiwe majani. Utaweka kiroba wapi? Wanapiga picha, wanagawa mbegu, mwezi wa tatu kiroba kinawekewa mkaa.

Saivi kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, mto unapanuliwa, watu wamelipwa fidia wakahama, na kwenye mpango kuna bustani kubwa ya jiji pale chini. Bustani ya kupumzikia sawa, tunaihitaji, mji huu hauna kivuli. Ila wanaochora ile bustani watenge kipande cha matuta, kwenye udongo uliopimwa, kiwe na kisima na karo, na walioshika keni miaka yote pale wapewe mkataba wa miaka hata mitano, waulipie, waandikishwe kwenye serikali ya mtaa kama mwenye genge anavyoandikishwa. Kwenye mkopo wote ule kisima na karo ni hela ndogo sana.